Kapsuli za Mzee Sekunde

Wateja ndio waliompa jina la Mzee Sekunde, na hawakumpa kwa kumsifu. Ukimpelekea saa iliyosimama ataigeuza, ataiweka sikioni, ataiangalia kwa ile lenzi yake ya jichoni, kisha atasema, "Nipe sekunde moja." Sekunde hiyo huchukua wiki mbili. Saa ikiwa ya zamani, yenye vyuma vya kumfurahisha, huchukua mwezi. Lakini ikishatoka mkononi mwake imetoka, haisimami tena. Kwa hiyo watu humnung'unikia, humtania, na hurudi kwake.

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Humo mna meza chini ya dirisha linalotazama barabara, kabati la droo ndogondogo zenye vishikio vya shaba, na saa za ukutani ambazo hazijawahi kukubaliana hata siku moja kuhusu wakati. Dirishani kuna kopo la mmea wa majani mapana, umenenepa hadi unamzuilia mwanga. Nyuma kuna sebule, chumba cha kulala na jiko. Mke wake, aliyekuwa muuguzi, alifariki miaka kadhaa iliyopita, na binti yao wa pekee anaishi mji mwingine. Mlango wa pili anakaa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwenye miwani minene na masikio mepesi. Paa la nyumba zao ni moja, na hata ugomvi wao ni mmoja, wa miaka mingi, ambao hakuna kati yao anayekumbuka ulianzia wapi.

Tatizo la mzee lilikuwa sufuria. Alipounguza ya kwanza, watu walicheka. Alipounguza ya pili, walicheka kidogo. Ya tatu ilitoa moshi hadi barabarani, majirani wakaja mbio na ndoo za maji, mmoja akiwa bado na povu la sabuni kichwani. Walimkuta Mzee Sekunde ameinamia saa ndogo ya kike, kibano mkononi, hana habari.

"Kuna nini?" aliuliza. "Nani anaungua?"

"Wewe!" wakamjibu kwa pamoja.

Habari zilimfikia binti kabla moshi haujaisha, kwa sababu shemeji ana simu na anajua kuitumia. Na huyo binti, kwa bahati mbaya ya baba yake, anafanya kazi kwenye kampuni ya bima, upande wa majanga ya moto. Nyumba ya mtu ikiungua, yeye ndiye anayetumwa kuangalia moto ulianzia wapi. Akapanda basi la kwanza, akafika, akaongea akiwa amesimama.

"Baba, kazi yangu mimi ni kutembea juu ya majivu ya watu. Sitaki kutembea juu ya yako."

"Mwanangu, ni sufuria tu."

"Wote huwa wananiambia hivyo. Ilikuwa sufuria tu."

Jiko la gesi lilibebwa pamoja na mtungi wake likapelekwa kwa shemeji, na ikaamuliwa kwamba chakula cha mchana na cha jioni kitatoka huko. Kuhusu chai, binti alitoa kwenye boksi mashine nyeusi, ndogo, yenye tumbo la maji na kitufe kimoja. Alikuwa amenunua mbili kwa mkupuo, yake na ya baba, maana dukani walikuwa wanazipunguzia bei. Pamoja nayo zilikuja kapsuli, yaani vile vikopo vidogo vya plastiki vyenye kahawa au chai ya kikombe kimoja tu, vimefunikwa juu kwa foili. Unatumbukiza kapsuli, unabonyeza kitufe, mashine inaunguruma kidogo, chai inatoka. Ikimaliza inajizima yenyewe.

"Hii hata ukiisahau mwezi mzima haikuunguzi," alisema binti. "Lakini nikisikia habari ya sufuria ya nne, baba, hakuna tena maneno. Unahamia kwangu."

Kwake ni ghorofa ya tisa. Wajukuu wako huko, na mzee anawapenda mpaka anawatengenezea saa za kuchezea zinazosema wakati wa kweli. Lakini dirisha la chumba alichoandaliwa linatazama ukuta wa jengo lingine, na hakuna mtu duniani atakayepanda lifti hadi ghorofa ya tisa kumtafuta fundi wa saa. Mzee Sekunde hakuogopa kufa kama alivyoogopa lile dirisha. Usiku ule alilala vibaya, na asubuhi akaitazama mashine kwa heshima, kama askari anayemlinda.

Siku za mwanzo aliidharau kidogo, ili asionekane amenunulika. "Chai gani hii inayotoka puani mwa chuma?" alimwambia shemeji. Lakini tumpe mtu haki yake, na mashine pia tuipe yake: ilikuwa raha. Hakuna sufuria ya kusugua, hakuna chujio, hakuna maziwa ya kumwagika jikoni mara tu ukigeuza shingo. Ukiamka unabonyeza, ukigeuka chai iko tayari. Mzee aliifungua mgongo siku ya tatu, maana hajawahi kuishi na chombo asichokijua tumbo, akaona pampu ndogo na vali safi, akaifunga tena na kuikubali kabisa. Tangu hapo akawa kila asubuhi anatengeneza vikombe viwili, kimoja chai ya kawaida na kingine ya tangawizi, maana zile kapsuli zilikuja za aina mbili.

Kisha zikaisha.

Alikwenda supamaketi na mfuko wake wa kitambaa, akatafuta kwenye rafu za chai, hazipo. Mhudumu akamwonyesha zilipo: nyuma ya kaunta, juu kabisa, pamoja na manukato na nyembe za bei mbaya, pale vinapowekwa vitu vinavyotamanisha wezi. Mzee akasoma bei. Akafuta miwani, akasoma tena.

"Binti, hii ni bei ya katoni?"

"Ya hilo boksi dogo, mzee."

"Na ndani wanaweka nini? Chai?"

"Chai."

"Chai hii hii ya kunywa?"

Mhudumu akacheka hadi akaziba mdomo. Mzee alinunua boksi moja, shingo upande, na njiani akapiga hesabu kwa namna ya mafundi. Kikombe kimoja cha kapsuli kilikuwa sawasawa na kile anachomtoza mtu kumbadilishia betri ya saa. Tangu siku hiyo chai ikaharibika ladha. Kila akipiga funda anajiona anameza betri.

Wapo wanaosema Mzee Sekunde ni mkono wa birika, na hao wanamwonea. Kilichomuuma zaidi hakikuwa bei. Alikiinua kile kikopo kilichotumika, akakiangalia kwa lenzi: ukingo wake umekaa sawa, tundu limetobolewa kwa ustadi, plastiki haina hata mkwaruzo. Kitu kimetengenezwa vizuri namna hii, kinafanya kazi nusu dakika, kinastaafishwa na kutupwa ndoo ya taka! Yeye mwenyewe umri wa kustaafu alishaupita zamani na bado anatafuta wa kumwambia aache. Aliona kama ametukanwa.

Kumwambia binti ndiyo njia ambayo mimi na wewe tungeifuata. Lakini mzee alijua litakalotokea. Binti angetuma kapsuli, angetuma na pesa, angejibana na ada za watoto ili baba yake anywe chai. Na mtu akishakuwa mzigo, alijiambia, kinachofuata ni kubebwa. Kwa hiyo kila Jumapili, binti akipiga simu na kuuliza, "Baba, kapsuli zipo?" yeye alijibu neno moja tu, "Tele," kisha akageuza mazungumzo kwenye habari za wajukuu.

Kumbe alikuwa ameshajifungia karakanani. Aliziokota kapsuli kuukuu, akazisafisha kwa ile brashi ya kusafishia meno ya magurudumu ya saa, akanunua majani ya chai dukani, akazijaza upya. Ya kwanza aliishindilia kama mto wa kulalia. Mashine ikaguna, ikatetemeka, ikatafuta pa kupumulia, halafu ikatema chai yote ukutani, juu ya saa mbili, na kwenye shati jeupe la karani mmoja aliyekuwa amefuata saa yake.

"Nipe sekunde moja," alisema mzee, akimpangusa kwa kitambaa cha kufutia grisi.

Karani aliondoka na madoa mawili badala ya moja. Ya pili foili ililegea, kikombe kikajaa majani hadi mzee akawa anatafuna chai yake badala ya kuinywa. Ila fundi ni fundi. Siku zikapita, akajua kiasi cha majani, akajua kuyasawazisha kwa mgongo wa kisu bila kuyakandamiza, akawa anakata foili mduara kwa mkasi mdogo na kuikunja ukingoni kwa kile chombo cha kufungia mifuniko ya saa. Kapsuli ikatoka imenyooka, huwezi kujua kama haikutoka kiwandani. Chai yake ikawa nzito na ya kunukia, maana majani yalikuwa ya juzi tu. Mzee aliketi dirishani, akapiga funda refu, akajipongeza kwa sauti. Ndoo ya taka chini ya sinki ikabaki tupu, na hapo ndipo alipojichongea.

Kwa sababu binti hakuliamini lile "tele" hata kidogo. Siku alipoleta mashine, kabla hajaondoka, alimvuta shemeji pembeni.

"Mama mdogo, wewe ndiye macho yangu hapa."

"Mimi si mpelelezi," alisema shemeji, akijisogeza ili asikie vizuri.

"Angalia ndoo ya taka tu. Ukiona kapsuli zilizotumika, ujue anatumia mashine. Usipoziona, amerudia moto."

Basi kila asubuhi shemeji aliingia kwa mzee na kisingizio. Mara anaazima mkasi, mara anarudisha mkasi, mara anauliza saa ngapi katika chumba chenye saa ishirini zinazotofautiana. Akishamsalimu anapita jikoni, anainama chini ya sinki, anatazama, anarudi kwake na kutuma ujumbe: "Zipo." Mambo yakaenda vizuri hivyo hadi asubuhi moja ndoo ilipokuwa haina kitu. Akasema moyoni labda ametupa. Kesho yake tena hamna. Wiki nzima hamna, na nyumba inanuka chai.

"Shemeji," alijaribu, "siku hizi chai hunywi?"

"Nakunywa kuliko zamani," alijibu mzee, akitabasamu kama mtu aliyeficha mbuzi.

Siku mbili baadaye shemeji alikuwa dukani akinunua vifungo, nyuma ya magunia ya sukari, akamwona mzee kwenye kaunta. Alinunua majani ya chai. Alinunua tangawizi kavu ya unga. Alinunua foili roli nzima, akaangalia huku na huku, akavitia vyote kwenye mfuko na kuondoka upesi. Mtu hanunui majani ya chai kama hana sufuria, na hana sufuria bila moto. Akakumbuka lile jiko la zamani la mafuta ya taa ambalo hakuna aliyejua liliishia wapi.

Jioni alikaa na simu mkononi muda mrefu bila kupiga. Hakutaka mzee ahame. Angebaki anampikia nani, na angegombana na nani? Watoto hana, dada amekwenda, na ukuta wa upande wa pili ukinyamaza hautakuwa na mtu wa kuugonga. Lakini paa lao ni moja. Akavuta pumzi, akapiga.

"Mwanangu, baba yako ameficha jiko."

"Una hakika, mama mdogo?"

"Ananunua majani, ananunua tangawizi. Na foili sijui ni ya nini, labda anafunikia huo moto wake usionekane."

Jumamosi asubuhi binti alishuka kwenye basi akiwa na begi kubwa. Alilibeba kwa vidole viwili, maana lilikuwa tupu. Shemeji, aliyekuwa mlangoni kwake akijifanya anafagia, alipoliona lile begi jinsi linavyoning'inia, akajua maana yake na ufagio ukamtoka mkononi.

Mzee naye alijua. Alilitazama begi kabla hajamtazama mwanawe.

"Karibu, mama. Mbona ghafla?"

"Shikamoo, baba. Jiko liko wapi?"

"Marahaba. Jiko gani? Si mlilibeba?"

"Baba, usinizungushe."

Akaanza kazi yake, na ni kazi anayoijua. Alifungua kabati la jikoni, akazikuta sufuria tatu zilizoungua, safi, ndani mmewekwa skrubu za ukubwa mbalimbali. Alipiga magoti, akachungulia chini ya kitanda, akapekua nyuma ya mlango wa choo, akaonja hewa kama paka. Akapitisha kidole kwenye ukuta wa jikoni: hakuna masizi. Jambo hilo lilimtatiza. Baba yake alimfuata nyuma, hatua kwa hatua, na kila binti alipoikaribia droo ya meza ya karakana mzee alijipitisha katikati.

"Humo mna nini?"

"Vifaa vya kazi."

"Fungua."

"Ni vitu vya watu, mwanangu. Saa za watu."

"Baba. Fungua droo."

Mzee Sekunde aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. Mtu aliyesema "tele" kila Jumapili anakaribia kuonekana anaokota takataka na kuzijaza chai. Alivuta droo taratibu, macho akiyaelekeza dirishani.

Binti aliinama. Ndani, juu ya kitambaa cha buluu cha kulazia saa, kapsuli zilikuwa zimepangwa safu mbili, zinang'aa, ukingo kwa ukingo, na kila foili imekunjwa kwa meno madogo yanayolingana. Pembeni kulikuwa na kijiko kidogo mno, mkasi, na pakiti ya majani ya chai iliyofungwa kwa kibanio cha nguo.

"Unazijaza wewe?"

"Zilikuwa ghali," alisema mzee, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe. "Nilikuwa nakunywa betri. Usikasirike. Sikuwasha moto hata siku moja."

Halafu kutoka mlangoni, ambako shemeji alikuwa amesimama muda wote bila kukaribishwa, ikasikika sauti ya mtu anayepaliwa. "Kwa hiyo ndoo ilikuwa tupu kwa sababu anazi..." Hakumaliza. Alishika ubavu, akacheka, akashuka chini na ukuta hadi akakaa sakafuni. Binti alijaribu kubaki na uso wa bima, ukamshinda. Walicheka wote wawili hadi mzee naye, bado akiwa na aibu yake, akaanza kutabasamu.

"Ngoja nionje hii chai ya magendo," alisema binti akipangusa macho. Akachukua kapsuli moja kwenye safu ya kulia, akatumbukiza, akabonyeza. Mashine ikaunguruma kwa adabu. Alipiga funda, akapiga la pili.

"Ina tangawizi."

"Hiyo safu ya kulia, ndiyo. Ya kushoto haina."

"Lakini baba, wewe tangawizi si inakuchoma kifua? Hujawahi kunywa tangawizi tangu mimi mdogo."

Mzee alichukua kibano, akakirudisha mezani, akakichukua tena. Saa za ukutani zilisikika zote. Shemeji alikuwa ameacha kucheka.

"Aliyekuwa anakunywa tangawizi ni dada," alisema shemeji polepole.

"Basi inatengenezwa kwa ajili ya nani?" binti aliuliza, ingawa uso wake ulikuwa umeshaanza kujua.

"Mama yako alikuwa anatoka zamu asubuhi," alisema mzee. "Mimi naamka, napika ya wawili. Nakunywa yangu. Yake naitia tangawizi, naiacha jikoni kwa moto mdogo kabisa, akifika aikute ya moto. Miaka yote ile. Sasa mkono umezoea. Nikiamka unapima maji ya watu wawili kabla mimi sijafikiri."

"Kwa hiyo zile sufuria..."

"Watu wanasema nilisahau. Sikusahau, mwanangu. Ningekuwa nimesahau, nisingeiacha motoni."

Binti aliketi kwenye kiti cha wateja. Kazini kwake moto huanzia kwenye waya, au kwenye mshumaa, au kwa uzembe, na yeye huwa wa kwanza kuona. Sufuria tatu za baba yake alizitazama akasema ni uzee, akaja na begi. Alilia bila kujificha, na mzee, asiyejua la kufanya, akampa kile kitambaa cha kufutia grisi.

"Mashine ni nzuri," aliendelea mzee, akimbembeleza kwa namna yake. "Chai ya mama yako inatoka, inajizima. Naiweka hapo mezani, ikipoa naimwagia mmea, kama nilivyofanya siku zote sufuria isipoungua. Hakuna kinachoungua."

"Mmea huu?" Shemeji aliruka kutoka sakafuni. "Na mimi miaka yote naupogoa nikijisifu nina mkono wa baraka! Kumbe unakunywa chai!"

Akaenda mezani akamnyang'anya binti kikombe, akakimaliza kwa mafunda mawili. Alikunja uso kwa makusudi, maana macho yake nayo yalikuwa yamelowa.

"Imeshapoa. Dada yangu angekurudishia hii."

"Ungekuja mapema ungeikuta ya moto," mzee alimjibu, na ule ugomvi wao wa siku zote ukarudi mahali pake.

Hapo binti akatoa amri mpya, na safari hii aliitoa akiwa amekaa. Jiko la gesi litabaki kwa mama mdogo. Baba atabaki kwake, kwenye dirisha lake. Na kikombe cha pili, kila asubuhi, kitanywewa na mama mdogo papo hapo kikiwa cha moto, badala ya kuinamia ndoo za taka.

"Mimi?" Shemeji alishika kiuno. "Ninywe chai ya vikopo vilivyofufuliwa jalalani?"

Lakini kesho yake, mzee alipofungua dirisha, alimkuta ameshasimama nje na kikombe chake mkononi, analalamika kwamba amechelewa. Mmea ulikonda kidogo baada ya hapo, na mwanga ukapata njia.

Binti aliondoka na lile begi likiwa na mfuko mmoja tu ndani, wa kapsuli, nusu za kawaida na nusu za tangawizi. Mashine yake ya ghorofa ya tisa alikuwa ameacha kuitumia zamani kwa sababu ya bei, ila hilo hakuwa amemwambia mtu. Jumapili iliyofuata simu ililia wakati mzee ana saa ya karani mbele yake, tumbo wazi, yule karani wa shati, naye amesimama palepale akiisubiri kwa wiki ya tatu.

"Shikamoo, baba. Za tangawizi zimeisha."

"Marahaba. Zote?"

"Wajukuu zako wamezigundua. Wanauliza bibi alikuwa anaweka sukari kiasi gani."

Mzee Sekunde alivua lenzi jichoni. Akaisogeza pembeni saa ya karani, akavuta droo, akachukua mkasi mdogo.

"Nipe sekunde moja," alisema. Na kabla ya saa sita mchana mzigo ulikuwa umeshapanda basi.